Filimbi Iliyokaa Shingoni

Asubuhi ya mazishi, mume wangu alinifuata nyuma ya jiko, ambamo kwa desturi yetu maiti ilikuwa imelazwa, akiwa na karatasi mbili zilizopigwa chapa. Aliniomba nizipitie kabla mjumbe wa mkoa hajaja kuzisoma mbele ya watu.

"Wewe ndiye mwalimu," Josaya alisema. "Angalia tu kama majina yako sawasawa. Wasije wakatuaibisha kwenye kipaza sauti."

Nilikuwa nakata kabichi za kulisha watu mia nne. Nilifuta mikono, nikasoma. Jairosi Mutero, mzaliwa wa hapa Buhera. Alivuka mpaka kwenda Msumbiji mwaka 1975 kujiunga na wapiganaji wa uhuru. Jina lake la vita, Kamanda Gidi. Mkuu wa kambi ya Gwindingwi. Mkoa umeridhia azikwe kwenye makaburi ya mashujaa, kwa bendera na mizinga. Kisha nikafika aya ya nne.

"Mwaka 1977 adui aliishambulia kambi kwa ghafla wakati wa gwaride la asubuhi, wakafa wapiganaji mia mbili na kumi na tisa. Kambi iliuzwa na mlinzi msaliti aliyejiita Komredi Jecha, ambaye Kamanda Gidi alimwadhibu kwa sheria za vita."

Josaya aliona kidole changu kimeganda pale. "Jina limekosewa?"

"Hapana," nilisema. "Jina ndilo lenyewe."

Komredi Jecha alikuwa kaka yangu. Mama alimzaa akamwita Onisimo.

Kule ng'ambo hakuna aliyemjua mwenzake kwa jina la kwao. Ukivuka mto ulivua jina kama unavyovua viatu, ukapewa jingine, ili ukikamatwa adui asijue aende kuchoma nyumba ya nani. Tulivuka pamoja, mimi na Onisimo, yeye ana miaka ishirini na moja, mimi kumi na saba. Usiku wa kwanza aliniambia, "Hapa mimi si kaka yako. Wakijua, wakitaka kuniumiza mimi watakuumiza wewe." Nikawa Komredi Sekerai, mpishi wa kundi la pili. Yeye akawa Jecha, mlinzi wa kilima. Tulipokutana kwenye foleni ya maharage tulisalimiana kama watu wa mikoa miwili.

Mlinzi wa kilima alikuwa na bunduki moja kuukuu na filimbi moja ya bati. Mlio mmoja mrefu, gwaride. Milio mifupi ya haraka, ndege; lala au kimbilia msituni, usiulize. Filimbi ya Onisimo ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua, kwa sababu kigololi chake kilipotea, akatia kokwa ya tunda la porini mahali pake. Tuliicheka, lakini tuliifahamu kuliko sauti za mama zetu.

Siku tano kabla ya shambulio alikuja mkubwa mmoja kutoka makao makuu kutuhutubia. Katikati ya hotuba, Onisimo akapuliza. Ndege ndogo ya upelelezi ilikuwa inazunguka mbali, juu ya bonde. Watu elfu moja na mia tatu tukatawanyika. Masufuria ya maharage yakapinduka. Yule mkubwa akalala kifudifudi kwenye tope na sare yake iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Ndege ikazunguka mara mbili, ikaenda zake. Tulipoamka, watu walicheka. Yule mkubwa hakucheka. Kamanda Gidi alimwita Onisimo mbele ya kambi nzima, akashika uzi wa filimbi, akaukata kwa kuuvuta, akajivisha mwenyewe.

"Kuanzia leo," alisema, "ndege ataziona kamanda."

Siku mbili baadaye Onisimo alishuka kilimani kumwambia Gidi kwamba ile ndege ndogo imerudi. Aliambiwa apande tena kilimani. Siku ya tano, saa mbili asubuhi, tulikuwa kwenye gwaride, mistari kumi na sita, tumenyooka kama mahindi, ndege zilipotokea nyuma ya kilima chini kabisa. Onisimo alikuwa anashuka mbio, kifua wazi, anapunga shati. Mimi nilimwona. Nilidhani anafukuzwa na nyuki.

Alipona. Hilo ndilo lililomuua. Walimuuliza kwa nini yu hai na kwa nini aliacha lindo lake. Siku ya nne baada ya kuwazika wenzetu, Gidi alituambia msaliti amepatikana. Nilisimama mstari wa tatu. Onisimo alinitafuta kwa macho hadi akanipata, kisha akaangalia pengine, ili nisije nikafuatwa. Aliyetoa amri kwa wapiga bunduki alikuwa naibu wa Gidi, Komredi Hokoyo, ambaye asubuhi hii alikuwa ameketi chini ya turubai uani kwetu akitafuna ini la ng'ombe wa msiba.

Vita vilipoisha, Serikali ilikwenda kuleta mifupa ya watu wa Gwindingwi. Mama alisafiri hadi mjini mara tatu. Mara zote tatu aliambiwa jina la Jecha limo kwenye orodha nyingine. Mpaka leo, mwaka 2003, nyuma ya nyumba yake kule Chimanimani kuna kaburi lililochimbwa na halina mtu.

Nilikutana na Josaya chuo cha ualimu Mutare. Kwangu alikuwa kijana mpole mwenye mwandiko mzuri, basi. Mwaka 1984 watu wake walikuja kunitolea posa. Niliitwa sebuleni nimejifunika, nikapiga magoti, na shangazi akaniuliza kama anavyoulizwa binti yeyote, "Unawajua watu hawa?" Nikainua kitambaa. Kwenye kiti cha mkubwa wa msafara aliketi Kamanda Gidi, baba mdogo wa Josaya, aliyemlea tangu baba yake afe. Ndani ya ukosi wa shati lake niliona uzi, na chini ya kitambaa cha shati, umbo la filimbi.

Yeye hakunijua. Kwake nilikuwa binti wa watu wa Chimanimani aliyesomea ualimu.

"Nawajua," nilisema.

Nilimkubali Josaya kwa kuwa nilimpenda. Na nilimkubali mara ya pili, palepale, kwa sababu ya siku moja. Kwetu, mkazamwana hupewa siku moja. Siku ya kumzika mkwewe huvaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu, husema aliyoyasema na aliyoyaficha, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Anayekasirika hutozwa mbuzi na mtani wa ukoo. Nilimpikia yule mzee miaka kumi na tisa. Nilimtia chumvi ya kutosha. Nilimwombea afe kabla yangu, na afe pakiwa na watu wengi.

Josaya hakujua. Alijua kwamba nilikuwa mkimbizi Msumbiji, na hakuuliza zaidi, maana kila mtu wa umri wetu ana mlango anaoufunga.

Hata hivyo asubuhi ile ya mazishi nilianza kwa upole, ili baadaye asiwepo mtu wa kusema sikuomba. Nilichukua sinia la nyama nikalipeleka chini ya turubai kwa wapiganaji wa zamani, nikapiga magoti, nikakaribisha. Walikuwa kama kumi na mbili, wazee wenye makoti ya kuazima, na walikuwa tayari kwenye ubishi wao.

"Makao makuu walijua," alisema Komredi Shasha, ambaye mkono wake wa kushoto ulibaki Gwindingwi. "Kuna mtu wao mjini aliwaletea habari siku nne kabla. Wakaikalia kama kuku."

"Ndiyo ninachosema miaka yote," Hokoyo alisema. "Gidi angejuaje? Aliamriwa afanye gwaride kila siku, akafanya. Ungekuwa wewe ungekataa?"

"Mimi ningewaweka watu msituni, gwaride nifanye na mbuzi."

"Wewe ulikuwa hujui hata kufunga kamba za buti."

"Nilikuwa na mikono miwili ya kujifunzia."

Wakacheka. Nikauliza, bado nimepiga magoti, "Na mlinzi je?"

"Mlinzi aliuza," Hokoyo alisema.

"Alimuuzia nani?"

"Mai Kundai," aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, taratibu, kama mtu anayemrudisha kuku bandani, "hizi ni habari za vita. Wewe ulikuwa kambi ya wakimbizi, unakunywa maziwa ya unga. Tuongezee mchuzi."

Niliwaongezea mchuzi. Shasha hakula. Alikuwa ananitazama.

Mjumbe wa mkoa, Bwana Rusike, alifika saa nne na gari la Serikali, bendera imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni, na vijana sita wa mizinga nyuma. Nilimpa maji ya kunawa, nikamwambia nimeipitia hotuba na aya ya nne ingefaa kutolewa.

"Kwa nini, mama? Ina makosa ya tahajia?"

"Ina jina la mtu ambaye ndugu zake wanaweza kuwapo."

Alikausha mikono kidole kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisi. "Mama, wamekufa mia mbili na kumi na tisa. Mstari ule nikiutoa, mtu atauliza, basi ni nani? Nitamjibu nini na maiti iko jikoni? Mstari ule ndio unaombeba mzee."

"Asante, bwana," nilisema. "Umenieleza vizuri."

Nikaingia chumbani kwa marehemu. Vitu vyake vya kuzikwa navyo vilikuwa vimepangwa kitandani: kikombe cha bati, fimbo, kofia, miwani, na filimbi. Baada ya vita aliitumia kuita mbuzi na wajukuu, na wilaya nzima ilimjua kwayo. Niliivaa. Nikavaa koti lake la kahawia na kofia. Koti lilikuwa na harufu ya ugoro.

Wakazamwana wenzangu walikuwa wameshaanza uwanjani. Mai Chido alikuwa ameiga kikohozi cha marehemu, na watu wanalia kwa kicheko, hata mjane, Mama Dorika, kule mlangoni mwa jiko alikokaa na maiti, alikuwa amejifunika mdomo. Walipoona naja na koti lile, na ule mwendo wake wa kutanguliza tumbo, walipiga vigelegele.

"Mhofu huyo!" mtu aliita jina la ukoo. "Amefufuka kudai ini lake!"

"Mbuzi wangu wako wapi?" nilisema kwa sauti yake ya puani. "Mke wangu yuko wapi? Chai ya moto iko wapi? Kila kitu hapa nakiona mimi." Nikapuliza mlio mmoja mrefu. Watoto wakaja mbio wakicheka, wakajipanga mstari mbele yangu bila kuambiwa. Uwanja ukaanguka kwa kicheko.

Chini ya turubai hakuna aliyecheka. Niliwaona wameinua vichwa wote kwa pamoja. Miaka ishirini na sita hawakuwa wameisikia kwa karibu sauti ile yenye mafua.

Niliwarudisha watoto kwa mama zao. Kisha nikamvuta Mai Chido katikati, nikavua filimbi, nikamvisha.

"Wewe ni mlinzi," nilimwambia kwa sauti ile ile ya puani. "Kaa kilimani. Unaona nini?"

Mai Chido, ambaye hakujua lolote, aliweka kiganja juu ya macho akafanya mchezo. "Naona ndege, baba. Ndege mkubwa. Sijui kunguru."

Watu wakacheka. Nikamsogelea kwa tumbo langu la bandia. Nikashika uzi wa filimbi, nikauvuta mpaka ukakatika, na Mai Chido akasema aa, shingo yangu, kwa sauti yake halisi.

"Kuanzia leo," nilisema, "ndege ataziona kamanda."

Maneno yale hayajaandikwa kwenye kitabu chochote. Ili kuyajua ilibidi uwe umesimama pale, na tope la maharage miguuni. Shasha alisimama. Hokoyo alikuwa ameshika kipande cha nyama, hakipeleki mdomoni, hakirudishi kwenye sahani.

Hapo ndipo nilipoiweka mdomoni nikapuliza ile mifupi. Mfupi, mfupi, mfupi, mfupi, bila kupumua.

Hokoyo alikuwa wa kwanza kugusa ardhi. Alijitupa kando ya benchi kifudifudi, mikono juu ya kisogo, tai yake ndani ya mchuzi. Wengine wakafuata, wazee wa miaka hamsini na sitini, magoti mabovu, migongo mibovu, wote chini, na mmoja alikuwa ameshaanza kutambaa kuelekea zizini. Watu walicheka kwa nguvu, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Halafu wakaona mzee mmoja pale chini anatetemeka, na kicheko kikaisha kipande kipande.

Nilivua kofia.

"Mmechukua muda wa pumzi mbili," niliwaambia kwa sauti yangu mwenyewe. "Mna uzee, mna kisukari, na mmechukua pumzi mbili. Sasa niambieni. Asubuhi ile ya gwaride, nani aliisikia hii?"

Bwana Rusike alikuwa amesimama. "Huyu mama atolewe. Huu sio utani."

"Bwana mkubwa," alisema mzee Chikukwa, mtani wa ukoo, akiwa ameegemea fimbo yake na uso usioonyesha kitu, "hapa anayekasirika anatoa mbuzi. Na wewe kwa gari hilo utatoa wawili. Keti."

Rusike akaketi.

"Naitwa Netsai," nilisema. "Kule niliitwa Sekerai, nilipika kundi la pili. Jecha aliitwa Onisimo, na tulinyonya ziwa moja. Nauliza tena. Nani aliisikia?"

Shasha alijibu kwanza, akiwa bado amekaa chini. "Mimi sikuisikia. Ningeisikia ningekuwa na mikono miwili."

"Na wewe, naibu?"

Hokoyo alijikongoja akainuka. Mchuzi ulikuwa unadondoka kwenye tai. Alitazama mlango wa jiko lililokuwa na jeneza, kana kwamba anangoja ruhusa itoke humo.

"Haikulia," alisema.

"Ilikuwa wapi?"

"Mai Kundai. Makao makuu ndio..."

"Ilikuwa wapi, komredi?"

"Shingoni mwake. Ndani ya shati. Tuliona ndege, akaanza kuitafuta, vifungo vikamshinda. Kijana alikuwa anashuka anapunga shati. Baadaye makao makuu wakataka jina kabla ya Ijumaa. Tulihitaji mtu."

"Mkamchukua aliyekuja kuwaita."

"Tulihitaji mtu," alirudia, na sasa alikuwa analia. Nilimwacha alie. Sikumpa hata kitambaa.

Rusike aliongea akiwa ameketi, kwa heshima, akimtupia jicho mtani. "Mama, hata hivyo. Amri ya gwaride ilitoka juu. Habari zilikaliwa juu. Si haki mzee huyu abebeshwe maiti zote peke yake."

"Gwaride lilitoka juu," nilisema. "Filimbi ilitoka shingoni mwa kaka yangu. Hao wa makao makuu nao watakufa, na wao wana wakazamwana. Leo ni zamu ya huyu."

Rusike alikunja hotuba mara mbili, akaitia mfuko wa ndani. Alisema jambo hili lazima lirudi mkoani, hawezi kusoma, wala hawezi kutandika bendera hadi lijadiliwe upya. Ndugu wakamwambia maiti ina siku tatu na jua ni hili. Akasema basi zikeni nyumbani. Vijana wa mizinga walipanda gari bila kula, na bendera ikaondoka kwenye mfuko wake wa nailoni kama ilivyokuja.

Tulimzika alasiri nyuma ya zizi, karibu na baba yake. Kazi yangu kama mkazamwana ilikuwa kufagia njia mbele ya jeneza, na niliifanya, kila jani.

Jeneza liliposhuka, Mama Dorika aliviingiza vitu vyake kimoja kimoja. Kikombe. Fimbo. Miwani. Kofia niliyokuwa nimeirudisha. Kisha akanyoosha mkono kwangu, macho makavu.

"Filimbi," alisema. "Umeshamvua kila kitu. Mpe kilicho chake aende."

"Vilivyo vyake vyote vimeingia, mama. Hii si yake."

"Miaka kumi na tisa umekula kwenye nyumba yangu."

"Nimepika kwenye nyumba yako, mama. Hii inakwenda Chimanimani. Kuna kaburi linaingoja."

Mkono wake ulibaki hewani muda mrefu. Josaya alikuwa ng'ambo ya shimo na sepetu, udongo mwekundu hadi magotini. Ni yeye aliyelichimba. Alinitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyelala kwenye kitanda chako.

"Siku ile walipokuuliza kama unatujua," alisema polepole, "ulikuwa unamjibu nani?"

"Wewe, kwanza," nilisema. "Halafu yeye."

Alichota udongo wa kwanza akautupa. Sijui kesho atanifungulia mlango gani, na sikuja pale kuuliza hilo.

Ikafika zamu ya wanawake wa ukoo kuaga, kila mmoja na konzi yake ya udongo na neno lake la mwisho. Wenzangu walimwambia alale salama, awasalimie waliotangulia. Mimi niliinama ukingoni, filimbi ikining'inia kifuani kwa fundo jipya.

"Lala, Mhofu," nilimwambia. "Ndege zikija, filimbi ninayo mimi."